Vifuniko vya Mtarajiwa

Acha unachofanya. Mtarajiwa kaumbuka leo mbele ya maabara nzima!!

Yule yule anayetaka tumwite Profesa na masomo hajamaliza.

Kasimama na picha za seli za mapafu alizozitia virusi vya mafua. Eti dawa yake imeziba njia ya ishara, seli hazipigi tena kelele za hatari, kwa hiyo kinga haitapandwa na wazimu ikaunguza mapafu. Kifua mbele!

Bosi akaitazama picha weee. "Dawa yako si ya njano, mwanangu?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi mbona visahani ulivyoandika havina dawa ndivyo vya njano?"

Kumbe huwa anaandika alama kwenye vifuniko! Si kwenye visahani, kwenye VIFUNIKO! Alifunua visahani, akarudisha vifuniko kinyume, cha dawa kwenye kisicho na dawa. Dawa haijatuliza kitu, ndiyo inayozidisha kelele. Na jana keshawapelekea wafadhili matokeo hayo!!

Jasho lilimtoka utadhani kamwagiwa ndoo. Nilijiuma mdomo nisicheke.

Bosi kampokonya mradi palepale, halafu akamalizia: "Hata seli inayokufa kwa mafua huwatumia jirani zake ishara wajihadhari. Wewe hapo mezani huna jirani?"

Jirani yake ni mimi, si unajua.

Jumatatu nilimwona kwa macho yangu haya akivirudisha vifuniko ovyo. Nikainamia hadubini yangu.

Tulipotoka kanishika mkono, macho yamemjaa machozi. "Dada, ungeona si ungeniambia?"

Nikamjibu, "Palepale, mdogo wangu."