Saa ya Baba Uliyoing'arisha

Mdogo wangu,

Sisi hatujambo. Mlango wa karakana nimeupaka rangi, na yule paka wako amezaa tena.

Saa imefika. Nilikutumia ibadilishwe kioo tu, kwa kuwa vioo vya saa za zamani kama ile huku havipatikani tena. Wewe ukaisuguisha mpaka inang'aa kama kijiko, na uso wake uliokuwa umegeuka rangi ya chai ukautoa, ukawekesha mwingine, mweupe pe. Umeandika, "Dada, sasa kama mpya." Nani alikuomba mpya? Umekulia chini ya meza ya fundi saa, ukimsikia Baba akiwafukuza wateja waliotaka saa kuukuu zisuguliwe. Ulikuwa umeziba masikio?

Baba haoni tena. Sikukuandikia, na hilo ni kosa langu. Saa yake alikuwa akiijua kwa kidole gumba, kwa lile pengo dogo la ukingoni lililotokea alipoiangusha siku uliyozaliwa. Nilipomvisha hii, aliipapasa pande zote, akaivua, akanirudishia kwa adabu. "Mwenyewe atakuja kuiulizia," akasema.

Tangu hapo kila asubuhi anapekua droo zote. Jana aliniuliza nani kamwibia. Nikamwambia hajaibiwa, nilikutumia wewe uitengenezeshe.

Akatabasamu. "Kama iko kwake, basi iko salama."

Njoo umwambie wewe. Mimi nimeshindwa.

Dada yako