Nilimfungia Mbwa Wetu Maji Kama Bomba Linalovuja

Shangazi mshauri mpendwa, shikamoo, nisaidie maana nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe. Mimi ni fundi bomba, tena si wa kubahatisha, nimezibua vyoo vya wakubwa ambao ukiwataja watu wanasimama, shule niliiacha njiani lakini dunia nimeisoma yote, sasa tuna mbwa jike, mke wangu alimwita Meneja kwa sababu hapiti mtu bila kukaguliwa, na tangu atolewe kizazi akilala mkojo unamtoka bila kujijua, akiamka anatazama lile dimbwi halafu ananitazama mimi kwa aibu, utadhani mimi ndiye niliyekojoa. Vidonge havikusaidia, daktari wa mifugo akatuambia kuna tiba mpya, bado inajaribiwa, anachukua kinyama kidogo cha paja lake, chembe hai zinakuzwa maabara, kisha anazidunga kwenye msuli unaofunga mkojo ili upate nguvu. Nikacheka, nikamwambia, "Daktari, bomba likivuja unafunga maji kwanza!" Mke wangu akasema, "Fundi, huyo si bomba." Sikusikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini.

Basi mke akienda kazini naondoa bakuli la maji, akikaribia kurudi nalijaza. Mkojo ukapungua, nikatamba mtaa mzima kwamba nimemtibu mwenyewe. Juzi nikamkuta Meneja analamba koki ya bafuni. Koki niliyoifunga mimi, Shangazi, kwa ufundi wangu wote, haidondoshi hata tone. Nikakaa sakafuni nikalia, mtu mzima na spana mkononi.

Sasa mkojo wake una rangi ya chai na unanuka. Kesho kutwa anakwenda kutolewa hicho kinyama, mke wangu alishaweka miadi ya ile tiba, na daktari alipouliza kama anakunywa vizuri, mke wangu akajibu, "Kama ngamia!" nami nikanyamaza. Nikisema, mke hataniamini tena, nikinyamaza, naogopa Meneja atafia mezani. Nifanyeje?

Fundi Koki

*

Marahaba, Fundi Koki. Nimecheka, kisha nimekukasirikia. Pole, kwa sababu unampenda, hilo naliona. Lakini ujuaji wako umemtesa asiyeweza kukusemea. Msuli ndio uliolegea, maji hayana kosa. Kiu haikumtibu, na mkojo wa namna hiyo huenda ni maambukizi, au figo zimeanza kuchoka.

Usingoje kesho kutwa. Mwekee maji sasa hivi, yawepo saa zote, na akilowesha sakafu wewe ndiye wa kupiga deki. Leo hii mpelekeni kwa daktari, umwambie yote, apime mkojo na damu kabla ya kumlaza kwa dawa ya usingizi. Hiyo tiba ya chembe hai inaweza kusubiri. Na hata akiipata usitangaze mtaani: wapo wanaopona, wapo wanaopata nafuu tu, wapo wasiopata kitu.

Mkeo mwambie kabla hamjatoka nyumbani. Usianze na "unajua mimi fundi". Sema "nimekosa", halafu funga mdomo umsikilize. Atanuna. Mwache anune. Mke aliyenuna iko siku atacheka. Figo iliyokufa haifufuki.