Oili Isiyo Yake

Jumanne, Garsen

Eti ni kawaida! Fundi Jillo alipobadilisha oili ya giaboksi aliniambia magari otomatiki ya klachi mbili huchelewa kushika gia. Nikamwamini.

Leo nikimpeleka Mama kliniki, nilisimama Idsowe kupisha ng'ombe. Nikaweka gia, nikakanyaga mafuta, gari likagoma katikati ya barabara. Lori likatujia nyuma likipiga honi. Mama akaanza kutoa shahada. Ndipo gari likaruka mbele.

Nilipomfikisha Mama kliniki, nilimwendea Jillo moja kwa moja. Nilipombana akakiri ametia oili isiyofaa klachi hizo.

"Lakini dada, oili ni oili."

Oili ni oili! Na mama yangu je, ni mzigo tu?

Kesho Mama anarudi kliniki. Amesema atapanda bodaboda.