Watoto Waliokwisha Kuagwa

Kwako uliyekuwa mchumba wangu,

Ujumbe wako wa sauti umenifikia Jumapili nikitoka kanisani. Niliusikiliza nikiwa nimesimama, kisha nikaketi nikausikiliza tena, maana mara ya kwanza nilidhani masikio yananidanganya. Unakuja Masisi mwezi ujao na wageni wenye kamera. Unataka nikukusanyie wale vijana wa kambi ya Ngungu, wauimbe tena ule mchezo wetu, wageni waone kazi uliyoifanya kwenu kabla hujavuka mpaka. Ukamalizia kwa sauti yako ile ya asali: nisikose kumleta Riziki, yule msichana mwenye sauti.

Nakujibu kwa barua, tena ya wazi, ili kila aliyekuwepo aisome na anisahihishe nikikosea.

Nianze na mema, nisije nikaonekana nina roho mbaya tu. Tulikulia Nyamitaba, nyumba zetu zikitenganishwa na shamba la maharagwe la mama yangu, ambalo ulilikanyaga kila siku ukija kunichukua twende kwaya. Ulikuwa ukimwiga padri anavyokohoa kabla ya mahubiri, mimi nakufa kwa kicheko, mama mkuu wa kwaya ananitoa nje, wewe unabaki na uso wa malaika. Tulipoteremka Goma na kupokelewa katika kundi la wasanii, tukafundishwa kuimba, kucheza na kuigiza kwa pumzi moja, wewe ulitupita sote. Ukiingia jukwaani, hata muuza mandazi wa mlangoni alisimama akuone. Nilikupenda sana. Sioni aibu kwa hilo.

Na kambi ilikuwa wazo lako, hilo nalo nakupa. Ulisema haifai ufundi wote ubaki Goma, wakati vijana wa milimani wana sauti na hawana wa kuwaongoza. Likizo kubwa ilipofika tukapanda Ngungu, shule ikatupa madarasa yake. Mimi nilifundisha sauti, wewe uigizaji. Unakumbuka asubuhi zile? Vijana wanalala chali kwenye sakafu, kila mmoja na kiazi juu ya tumbo, na kiazi lazima kipande kabla sauti haijatoka. Akina mama waliokuwa wakielekea shambani walichungulia dirishani na kuuliza watoto hawa wanaumwa nini. Uwanjani tulichora jukwaa kwa majivu, na aliyevuka majivu hakuruhusiwa tena hata kujikuna.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa ng'ombe wa jirani kuingia katika shamba la maharagwe la mjane. Wavulana wawili ndani ya blanketi ndio walikuwa ng'ombe, na nusu ya nyuma kila mara ilianza kuimba kabla ya nusu ya mbele. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Riziki, binti wa katekista, ndiye alikuwa mjane. Hakuwa na sauti kubwa. Alikuwa na ile sauti inayomfanya mtu aache anachokifanya. Mwisho wa mchezo, ugomvi ukishaisha, mjane anamuaga mtoto wake anayekwenda mjini kusoma, na hapo ndipo ulipoharibu kila kitu.

Ulisema wanaagana kwa uongo. Walikuwa wanakumbatiana na kupungiana mikono, nawe ukawasimamisha: "Munaagana kama bazungu kwa aeroport. Mama wa huku haagi mutoto vile." Ulisema kweli, na laiti ungeishia hapo.

Wewe ni mtoto wa milima hii, huna haja ya kuelezwa, lakini barua ni ya wazi na wengine watataka kujua. Mtoto anapokwenda safari ya mbali, mkubwa wa nyumba anachovya vidole katika maji, anamlowesha kipaji cha uso, anamwita majina yake yote na kutaja mahali anapokwenda. Mtoto anatoka bila kugeuka. Tangu hapo havuki tena kizingiti kile mpaka afike alikotajiwa. Akisahau sweta, analetewa uani. Ndivyo nyumba zile zilivyoishi miaka yote, na sijawahi kuona mtu akifanya kwa mchezo.

Wewe ulikwenda kwa wazazi ukawaomba wafanye. Wawaage watoto kweli, asubuhi ya kuondoka, ili kila mmoja aubebe ukweli huo mpaka jukwaani Goma, maana ulikwisha kutangaza kwamba Jumamosi baada ya kambi wangeuonyesha mchezo kwenye jukwaa la kundi letu. Nilikuvuta pembeni nikakuuliza kama jukwaa ni la hakika. Ukaniita sheri, mpenzi wako, ukasema jukwaa ni la kwetu, nikuamini tu. Kisha ukasimama mlangoni kwa Papa Katekista, kofia mkononi, kama mtu anayeposa. Nilikuwa kando yako. Ulimwambia: "Papa, munipatie mutoto. Mimi mwenyewe njo nitakuja kumuchukua." Ukateremka Goma kuandaa mambo.

Jumamosi ile hukuiona, kwa hiyo nakusimulia. Watoto waliagwa nyumba kwa nyumba mapema asubuhi, wakaja wakapanga mabegi kando ya barabara, pale njia ya soko inapoingia. Ilikuwa siku ya soko. Watu waliokwenda kuuza waliwakuta wamesimama na nguo mpya, wakawatakia safari njema. Lori la viazi likapita, dereva akasema ana nafasi mpaka Shasha, kutoka pale kupata gari la Goma si kazi. Papa Katekista, ndani ya koti lake la Noeli, akamjibu kwa fahari kwamba watoto hawa wana gari lao, linakuja. Mvua ikaanza. Nikakupigia, simu imezimwa. Vijana wakaimba wimbo wa ng'ombe ili wapate joto, na baadaye hakuna aliyeimba. Watu wa soko wakarudi na vikapu vitupu, wakawakuta palepale, na sasa hawakuwatakia chochote.

Niliyajua ya kwako baadaye, kutoka kwa mpiga ngoma wetu. Tangu Alhamisi ulijua jukwaa limepewa mchezo mwingine. Ijumaa ukapata nafasi katika kundi linalokwenda ng'ambo, ukavuka mpaka. Ulimwambia hukutaka kuwavunja watoto moyo kwa simu. Basi ukaiachia mvua iwaambie.

Wengi walipona kwa namna yao. Walilala kwa wajomba na mashangazi, na baada ya wiki kadhaa wakarudi nyumbani kwa kunyata, wazazi wakageuza macho. Sokoni walipewa jina, "ba Goma", watu wa Goma, na wapo wanaoitwa hivyo hadi leo. Mzaha mzaha hutumbua usaha, lakini usaha wenyewe ulimtumbukia mmoja.

Bibi yake Riziki, aliyemlowesha kipaji asubuhi, alikuta jioni mjukuu amesimama uani na begi. Akaketi mlangoni, akaziba njia. Usidhani alikuwa mama mkatili. Alikuwa na hofu. Alisema: "Nilitaja Goma. Akiingia hapa, jina lake litabakia mu njia." Papa Katekista, ambaye kila Jumapili anawafundisha watu wasiogope mambo kama hayo, alikuwa pia mtoto wa mama yake. Aliangalia viatu vyake. Riziki akaja kulala nami darasani, juu ya sakafu ileile aliyojifunzia kupumua, mpaka shangazi yake wa Walikale alipotuma mtu amchukue.

Unamtaka mwenye sauti? Anaimba kwenye nganda za Walikale, yaani baa wanakokunywa wachimba madini wakitoka mashimoni. Nilikwenda kumtazama. Anasimama kati ya friji na meza, anavuta pumzi kutoka tumboni kama nilivyomfundisha, anatafuta mwanga kwa uso kama ulivyomfundisha wewe, na wanaume wanaifunika sauti yake kwa mazungumzo yao mwanzo hadi mwisho. Akimaliza anainama vizuri kabisa, kwa watu ambao hawakugeuka. Nilitoka nje nikalia, na yalikuwa machozi ya hasira. Nilikuchukia siku ile kuliko siku niliyojua kwamba harusi yetu haipo tena.

Nilimwambia nimpeleke Goma mimi mwenyewe. Aimbe hata kwenye ua wa kanisa, nimrudishe kwao, mambo yaishe. Akakataa kwa upole: "Dada, si weye uliniomba kwa Papa." Na ndivyo ilivyo, mwombaji ulikuwa wewe. Anayemwomba mtoto mlangoni ndiye anayemfikisha.

Mwaka jana bibi yake akafariki. Riziki alikuja kuzika, akasimama uani pamoja na majirani waliokuwa wakipika, akashika mwiko akapika maharagwe ya waombolezaji. Maiti ilikuwa ndani na yeye yuko nje. Papa Katekista akatoka, mbele ya watu wote, akamshika mkono. Sijawahi kumsikia akiongea kwa sauti ndogo namna ile. "Ingia, mama," alimwambia. "Mimi baba yako njo nasema, ingia." Nilidhani sasa yameisha, maana yule aliyeziba mlango amekwisha kwenda. Riziki akautoa mkono wake polepole.

"Papa, sijafika kwenye mulinituma."

Akarudi kwenye sufuria. Baba yake alibaki kwenye kizingiti, hajui aingie au atoke, mpaka mtu mmoja akamletea kiti. Tangu hapo hajawahi kuanzisha wimbo kanisani. Wengine wanaanzisha, yeye anafuata kwa midomo.

Hiyo ndiyo kazi uliyoifanya kwenu. Wageni wako wakitaka kuipiga picha, waanzie kwenye kiti kile.

Ya kwangu siyataji. Uliniacha kama watu wanavyoachwa, nimelia kama watu wanavyolia, nimepata usingizi. Vijana wengine nimewauliza kama ulivyotaka. Nusu ya nyuma ya ng'ombe ina pikipiki siku hizi, inabeba abiria. Ilicheka tu, ikawasha pikipiki ikaenda zake. Wengine wanalima. Kambi bado naiendesha kila likizo kubwa, na viazi bado vinapanda na kushuka juu ya matumbo, lakini sisemi neno Goma mbele ya mtoto yeyote, na hakuna mzazi anayeniuliza kwa nini.

Riziki nilimpigia jana. Nilimweleza yote, na kamera nikamtajia, sikumficha kitu. Chupa zilikuwa zikigongana nyuma yake. Kisha akauliza kama utakuwa na gari. Nikasema bila shaka, mtu wa ng'ambo hakosi gari. Maneno yake nakupa kama alivyoyasema, sijaongeza chumvi:

"Umuambie atume gari na chauffeur wake, anichukue huku, anifikishe Goma. Nitaimba pale wimbo moja, ata kama hakuna muntu. Kisha ile gari inirudishe kwa Papa."

Nikamuuliza, na yeye mwenyewe je? Akacheka, kicheko cha mtu mzima, sikukifahamu.

"Yeye abakie kule. Kutokuwepo njo kazi anajua."

Basi jibu langu ndilo hilo, na wageni wako watafute mahali pengine pa kupigia picha. Tuma gari. Dereva aulize nganda za Walikale, atamwona. Wimbo mmoja hauchukui muda. Papa Katekista sijamwambia lolote, na sitamwambia mpaka nilione gari lenyewe limesimama mlangoni kwake na mtoto wake anashuka. Mzee yule amekwisha kulingoja mara moja.

Ubaki salama huko uliko,

Aliyekuwa mchumba wako.