Kiko cha Baba Mkwe

Mjukuu wangu Bhoke,

Huku Buhare tu wazima. Bibi yako anakusalimu, na ng'ombe wake amezaa.

Umeniuliza kwa nini nilipiga kelele kwenye simu uliposema gari lako linanuka petroli na fundi amefunga paipu kwa mpira.

Nami nilifungaga hivyo hivyo, kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, siku mimi na bibi yako tulipomchukua baba yake kutoka Bunda kumrudisha kwake Buswahili. Tulipopita Butiama harufu ikazidi. Nikafungua boneti: mpira umelegea, petroli inadondoka karibu na ekzosi ya moto. Mkwe wangu akashuka, akainama juu ya injini atazame, kiko kinawaka mdomoni.

Kwetu mkwe haamrishwi. Nikasimama kimya nikimheshimu, Bhoke, na moto uko shubiri moja tu kutoka kwenye petroli.

Bibi yako ndiye aliyempokonya baba yake kiko, akakitupa dimbwini. Baadaye mzee akaniuliza taratibu, "Wewe ulikiona?"

Alifariki sijamjibu.

Weka paipu mpya, na klempu zake za chuma za kuikaza. Na fundi akija na sigara, hata awe rika langu, mwambie aizime. Mkosee heshima, mjukuu wangu.

Babu yako