Saa Sita Zilizobaki

Kaka yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta salama, wewe, wifi na watoto, na kwamba mgongo umepunguza kukusumbua. Mimi ni mzima wa mwili. Wodi yetu imejaa wagonjwa, nami nashukuru, maana nikikaa bure mawazo hunizidi.

Nimeandika kwa sababu jana kwenye simu ulimlaani tena yule rubani. Ulisema mtu anayeendesha ndege kubwa vile anaogopaje mawingu. Nilinyamaza, ukadhani nalia.

Kutoka huku hadi nyumbani ni kilomita elfu kumi, saa kumi na mbili hewani. Uliponiambia Mama ananiulizia kila akizinduka, nilipanda ndege na sare zangu za kazini. Mbele ya kiti kulikuwa na skrini ndogo yenye ramani na kilomita zilizobaki. Sikula wala sikulala. Nilikikodolea macho kile kindege cha kwenye ramani kana kwamba nakisukuma.

Tulipofika katikati ya safari, wahudumu wakatangaza kwamba wanatafuta daktari au muuguzi. Hakuna aliyeinuka. Nikaenda. Kwenye viti vya nyuma alikuwepo mzee mmoja, fundi viatu, anakwenda kumwona mjukuu wake wa kwanza. Kifua kilikuwa kinambana, jasho la baridi linamtoka, mapigo ya moyo yanapotea na kurudi. Nilimpa dawa zilizokuwemo kwenye ndege, nikamwekea oksijeni. Akanishika mkono, akaniomba radhi kwa usumbufu.

Mhudumu akanipa simu ya kuongea na rubani. Rubani akaniambia kuna mji pembeni anakoweza kutua, ila tukishuka huko, hatutaondoka mpaka kesho.

"Dada, anaweza kuvumilia saa sita zilizobaki? Nitafuata neno lako."

Kaka, Mama alinijia machoni. Nikajibu, "Labda."

Akasema labda haimsaidii. Mzee alikuwa bado kanishika, na vidole vyake vilikuwa vinapoa. Nikasema, "Hapana. Tushuke."

Hapakuwa na mawingu. Hayo niliyatunga mimi pale mlangoni nyumbani, nilipofika nimechelewa siku nzima, uliponiambia Mama amenisubiri mpaka amechoka. Tungeendelea na safari, ningemkuta yu hai, anazungumza.

Mzee alitolewa akiwa hai. Zaidi ya hapo sijui, na naogopa kuulizia. Nikisikia alikufa, sitajua Mama nilimkosa kwa ajili ya nini.

Basi mwache rubani wa watu. Kama kuna wa kulaumiwa, nilaumu mimi. Nimejaribu kujuta nikashindwa, na hilo linaniuma kuliko hata kuchelewa kwenyewe.

Nisalimie wifi, na watoto uwakumbatie kwa niaba yangu. Usijilazimishe kunijibu upesi. Hata ukipiga simu ukakaa kimya, sitakata.

Mdogo wako,
Kitindamimba