Namtaka Yule wa Zamani

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na za watoto, na za Mama ambaye amesimama mlangoni ananiuliza naandika nini. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mgongo umetulia, na yule mwenye nyumba wako ameacha ukorofi wa kukufungia maji. Sisi huku hatujambo. Mwanangu mkubwa amechukua pua yako na ubishi wangu, kwa hiyo nyumba haina utulivu. Mama naye mzima, isipokuwa masikio yake siku hizi yanachagua cha kusikia. Ukimwambia habari za dawa, hasikii. Ukinong'ona na jirani jambo la siri, analijua kabla hujamaliza.

Utashangaa kwa nini nimeshika kalamu wakati simu zipo. Kwa simu ungenikatisha, maana tangu utotoni wewe huwezi kumsikiliza mtu hadi mwisho. Nilijaribu kuandika kwenye kompyuta ya shemeji yako, nayo ikanishinda tabia. Kila nikiandika neno letu, yenyewe inalifuta inaweka la lugha nyingine, eti inanisahihisha. Nikilirudisha, inalifuta tena. Nikaizima. Na hiyo kompyuta ndiyo iliyoleta balaa ninayotaka kukuhadithia, kwa hiyo nivumilie.

Shemeji yako bado ana duka lake la uchapaji hapo chumba cha mbele. Anachapa kadi za harusi, kalenda, mitihani ya shule, na vibandiko vya chupa za asali. Kazi yote anaifanya kwa programu moja kuukuu aliyojifunzia ujanani, na anaijua kama mtu anavyojua ngazi za nyumba yake gizani. Sasa, kompyuta ina mambo yake. Asubuhi moja aliiwasha akakuta imejisasisha yenyewe, bila kuulizwa wala kuombwa. Akibofya kadi, haifunguki tena kwa programu yake, inafunguka kwa nyingine mpya iliyokuja na mashine. Hiyo mpya haizijui herufi zake. Inaweka za kwake, mistari inasukumana, na picha zinakwenda kukaa zinakotaka.

Alikwenda kwenye mipangilio akachagua yake ya zamani. Baada ya siku chache mashine ikajisasisha tena na kumrudisha kulekule. Akachagua tena, ikamrudisha tena. Kinachomwudhi zaidi ni ile adabu yake. Inamwandikia kwenye kioo kwamba programu hii mpya ndiyo inayopendekezwa. Chini yake kuna vitufe viwili, kimoja Kubali, kingine Nikumbushe Baadaye. Cha Sitaki hakipo. Nilikuwa nikimsikia huku jikoni akiiuliza kwa sauti imependekezwa na nani, maana yeye ndiye aliyeinunua mashine na hakumbuki kumpendekeza mtu.

Siku moja alikuwa na haraka, akachapa kadi za harusi bila kuzikagua. Ile mpya ilikuwa imekuza herufi, mstari wa mwisho ukaanguka nje ya karatasi, na mstari wenyewe ulikuwa na jina la bwana harusi. Kwa hiyo kadi zikawa zinawaalika watu kwa heshima na taadhima kwenye harusi ya bibi harusi peke yake. Dada wa bwana harusi alikuja hapa amevimba, akauliza kama sisi tumehongwa na mtu. Shemeji yako alirudia kazi yote kwa karatasi zake mwenyewe. Tangu hapo akawa mtu wa kununa, hata chai anaisahau hadi inaota ngozi.

Sasa sikiliza. Unajua shemeji yako anavyoviita vyombo vyake kama watu. Printa ni bwana mkubwa, na bwana mkubwa leo kagoma. Mashine ya kukatia karatasi ni bibi, kwa sababu inang'ata bila meno. Tulikuwa tunacheka. Lakini siku ninayokwambia sikuwa na kicheko, kwa sababu asubuhi yake ndipo ulipofika ujumbe wako, kwamba mkataba wako wa kazi umekwisha na unaomba chumba chetu cha nyuma mpaka upate pa kushika. Niliusoma, nikauficha moyoni, sikumwambia mtu.

Nikatoka kwenda kuanika nguo. Kamba iko chini ya dirisha la duka, na shemeji yako alikuwa ndani anazungumza na simu. Nikamsikia akisema, neno kwa neno: "Mimi namtaka yule wa zamani. Huyu wa sasa sikumchagua, niliwekewa tu. Nimemvumilia mpaka basi. Nikimtoa mlango huu anaingilia ule. Nifanyie mpango yule wa zamani arudi, hata kesho."

Dada, shuka lilinitoka mikononi likaangukia mchangani.

Wewe unayajua mambo yetu, lakini acha niyaseme kama nilivyoyajua mimi. Mwaka ule wazee walikaa, shangazi akapendekeza, na posa ikawa yako. Wewe ukaitikia. Halafu, nguo za harusi zikiwa zimeshaanza kushonwa, ukageuka ukasema humtaki. Baba hakukusemesha tena mpaka ulipoondoka kwenda kutafuta kazi mbali. Ili aibu isienee, shangazi akasema basi, mdogo yupo. Mdogo ndiye mimi. Niliingia kwenye ndoa hii kama kiraka, na gauni lenyewe lilikuwa lako, likapunguzwa kiunoni na kuongezwa urefu kwa kipande ambacho rangi yake haikulingana sawasawa. Kila aliponiangalia kwa muda mrefu kidogo, nilijiuliza kama anatafuta uso wako. Alipokuwa akisifu mchuzi, nilikumbuka kwamba wewe unapika vizuri kuliko mimi. Sikuwahi kukwambia, na wewe ulikuwa ukiniletea vitambaa na viatu vya watoto, nami nikivipokea kwa tabasamu huku nimekereka.

Kwa hiyo pale kambani nilielewa kwa njia moja tu. Yule wa zamani ni wewe, na huyu wa sasa aliyewekwa tu ni mimi. Nikajiambia umeshamtumia ujumbe na yeye pia, mmeshapanga, na mimi nimeombwa chumba kwa adabu ili nikitandike mwenyewe. Nikafua shuka upya kwa hasira mpaka vidole vikachubuka. Jioni hiyo ndipo nilipokujibu kwamba chumba cha nyuma kinavuja, dari imeoza, na fundi amesema hakikaliki. Dada, chumba hakivuji. Ni kikavu kuliko hiki ninamoandikia.

Siku zilizofuata nilimnyima shemeji yako maneno. Akiniuliza kitu, namjibu kupitia kwa mtoto. Akaniambia Mama amemdokeza kwamba mkataba wako umekwisha, akauliza kama hatuwezi kukukaribisha. Nilipaza sauti nikamwuliza ana haraka ya nini. Alinitazama kama mtu aliyekanyagwa na asiyejua amekanyagwa na nani, akarudi kwenye kompyuta yake.

Halafu yule mtu wa kwenye simu akaja. Ni fundi wa kompyuta, watu wanamwita Fundi Polepole, mpole huyo, akizungumza unaweza kwenda dukani na kurudi hajamaliza sentensi. Alibisha mlango wa duka ambamo tulikuwamo mimi, shemeji yako na wateja, akasema amekuja kwa ile shida ya bwana, ya kumrudisha yule wa zamani. Damu ikanipanda. Nilimwuliza kama haoni haya, mtu mzima mwenye mvi, kuzunguka mjini akiwapangia watu wanawake. Nikamwita kuwadi. Nilisema, dada, na nikarudia, maana mara ya kwanza niliona hakusikia vizuri.  Mteja mmoja aliyekuja kuchukua vibandiko akaviacha mezani, akajibanza ukutani asikilize vizuri.

Fundi Polepole alifungua mkoba wake akaniangalia, akaniambia, taratibu kama kawaida yake, kwamba yeye ameleta programu tu ya kuchapia kadi. Akaitoa hata diski kunionyesha, kama mtu anayetoa kitambulisho kwa askari.

Shemeji yako alicheka mpaka akashika meza. Fundi naye akacheka, kidogo kidogo, akachelewa kumaliza. Mimi nilitamani sakafu inimeze. Lakini wateja walipotoka, na fundi akainama kwenye mashine kuhangaika nayo, kicheko cha shemeji yako kikakatika. Alikuwa amekumbuka kwamba mtu hawezi kuwaza vile bila sababu. Akaniita tukakae ukumbini, akaniuliza yule wa zamani niliyemfikiria mimi alikuwa nani. Nikamtajia wewe. Nilimwambia yote, ya gauni, ya kiraka, ya kuwekewa. Nilitegemea akatae haraka, nione kama anadanganya. Hakukataa wala hakukubali. Alikaa amejishika magoti, halafu akasema alikuapia kwamba hatalisema jambo hili maadamu yuko hai, na sasa anakiuka.

Akaniambia kwamba alipomtuma mjomba wake kuja kuposa kwetu, alimtuma kwa jina langu. Langu mimi, dada. Alikuwa ameniona siku nyingi nikipita na vitabu. Mjomba akaenda na jina langu akarudi na lako. Wazee wetu walikuwa wamejibu kwamba mdogo hawezi kumpita mkubwa, na shangazi akaona wanampendekezea lililo bora kuliko aliloliomba. Kila alipojaribu kusema, wakubwa wa kwao walimwambia akubali, au afikiri kwanza halafu akubali. Alisema ndiyo maana neno lile kwenye kioo linamchoma roho. Kwa hiyo akakufuata wewe kule ulikokuwa unashona, akakwambia ukweli kwamba anayemtaka ni mimi.

Anasema ulimsikiliza bila kusimamisha cherehani mpaka ukamaliza pindo. Halafu ukamwambia akikataa yeye, wewe utaaibika na mimi mlango utafungwa, kwa hiyo utakataa wewe. Ukamwambia shangazi hawezi kuvumilia aibu hata siku moja, lazima ataziba pengo na aliye karibu. Na ukamwapisha nisijue, ili nisiingie kwenye ndoa yangu na deni lako mgongoni.

 Nilifikiria jinsi Baba alivyokugeuzia uso. Nilifikiria watu waliosema unajiona, unaringa, na mimi nikiwa miongoni mwao, tena mstari wa mbele. Wewe ulikuwa unajua na ukanyamaza, na bado ukawaletea wanangu viatu.

Ungedhani wivu umeniisha. Haujaisha, umehama chumba tu. Sasa nawaonea wivu kwa hiyo siri, kwamba nyinyi wawili mlikuwa na kitu chenu, na kila ulipokuja kututembelea mlipeana salamu mbele yangu mkiwa mnajua nisilolijua. Tena kuna jingine linaloniuma zaidi. Maneno ya kunitaka mimi, ya kweli, ya kwanza, wewe ndiye uliyeyasikia. Mimi sikuwahi kuambiwa, nilipelekwa tu. Nilimwuliza alikwambia nini hasa siku ile, alinisifia nini. Anasema amesahau, alikuwa na hofu, anakumbuka sauti ya cherehani tu. Kwa hiyo maneno yangu yako kwako, dada, na mimi nayataka yote, hata kama si mazuri sana.

Fundi Polepole amefanikiwa kuirudisha programu ya zamani, na nimemwomba radhi mbele ya shemeji yako. Ameniambia mashine itajaribu tena, ndivyo ilivyotengenezwa. Shemeji yako amekata intaneti yake na sasa anachapa akipiga mluzi.

Njoo. Chumba cha nyuma nimekifagia na godoro nimelianika. Ukae mpaka uchoke mwenyewe, na atakayekuuliza utaondoka lini atakuwa na mimi.

Lakini kuna moja ambalo ndilo hasa limenifanya nitafute kalamu. Mama aliwahi kuniambia kwamba wazee walipokutajia jina la shemeji yako, uliitikia papo hapo, bila swali hata moja. Wewe, ambaye unabishania hata bei ya chumvi. Na alipokuja kule cherehanini ulikuwa umeshaanza kushona gauni lile kwa mkono wako mwenyewe. Dada, ulikuwa unampenda? Usinijibu kwa simu. Ukifika, ukiona nimekaa peke yangu, niambie. Ukiamua kutoniambia, sitakulaumu, ila nitakuwa nimeelewa.

Mama anakusalimu, anasema umletee miwani. Watoto wanakusalimu, wadogo kwa wakubwa. Shemeji yako naye anakusalimu sana. Alitaka aongeze mistari yake miwili mitatu hapa chini, lakini nimemwambia karatasi imekwisha.

Mimi mdogo wako akupendaye,
Kiherehere